Wake Wenza Kumi na Mmoja wa Glenys Preece

Glenys Preece alikuwa na wake wenza kumi na mmoja, wote wakiishi ndani ya kabati moja la chuma chini ya ngazi, na wote wamemzidi umri. Yule mdogo kabisa alizaliwa kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Ndivyo alivyozoea kuziita bunduki za mumewe mbele za watu, na watu wa mji wao mdogo wa Kington walizoea kucheka, na huyo mumewe, Aubrey, alizoea kujibu kwamba hao kumi na mmoja angalau hawamuulizi ametoka wapi.

Zilikuwa bunduki za marisau, za mitutu miwili, zile za kizamani zenye vinyundo viwili mgongoni ambavyo lazima uvivute kwa kidole gumba kabla ya kupiga. Matajiri wenye mashamba makubwa hawazitaki, labda ziwe zimetengenezwa London na fundi mwenye jina. Aubrey naye hakuwa na haja na za London. Alizipenda zile zilizouzwa zamani na wauza misumari na majembe wa miji midogo, Kington, Leominster, Builth, zenye jina la duka juu ya mtutu na kijiua kimoja cha pambo, basi. Miaka arobaini na moja alikuwa fundi wa matrekta, mikono yake haikuwahi kutakata kabisa, na sheria yake mnadani ilikuwa moja: pauni mia na ishirini. Dalali akitaja mia na ishirini na tano, Aubrey huvaa kofia yake akaenda zake.

"Hizi walikuwa nazo watu kama sisi," alikuwa akisema. "Mtu alikamua ng'ombe mwaka mzima ndipo akainunua moja. Leo wajukuu wake wanaitundika baa juu ya meko, wameitoboa tundu la msumari. Watu hawana haya, Glenys."

Na kuzipata kulikuwa na ufundi wake. Alikwenda kwenye minada ya vitu vya marehemu saa mbili kabla ya wenzake, akapekua pale zilipofungwa pamoja na fimbo za kuvulia na miavuli. Akiona moja, huichomoa mitutu, akaining'iniza kwenye kidole kimoja, kisha akaigonga kwa kifundo cha mkono wa pili na kuinamisha sikio. Ikilia kama kengele ya kanisa, basi viungo vyake ni vizima, hata kama nje imejaa kutu. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, aliirudisha taratibu mahali pake, kwa heshima, kana kwamba ametoka kuona maiti. Glenys alimwambia siku moja, miaka arobaini na tisa ya ndoa hujawahi kunigonga mimi ukanisikiliza. Aubrey akasema wewe unalia bila kugongwa.

Basi hao ndio walikuwa watu wawili wenyewe, na mpaka miaka miwili iliyopita hapakuwa na la kuwasimulia zaidi ya hapo.

Sasa, nchi ile ina sheria ambayo hata mtoto wa mwindaji anaijua. Mwenye cheti cha bunduki ndiye peke yake anayeruhusiwa kujua ufunguo wa kabati unakaa wapi. Si mke, si mtoto. Mke asiye na cheti akijua, ni sawa na kabati kuachwa wazi barabarani, na kila miaka mitano afisa huja nyumbani kukagua na kuuliza. Glenys alikuwa na fahari ya kutojua. Miaka yote hiyo alipangusa vumbi kwa kuruka mahali. Akihisi kwamba rafu fulani ina siri, aliiacha na vumbi lake, na mgeni akishangaa, alisema, "Hapo ni kwa wake wenzangu, mimi sipagusi."

Jambo jingine la kujua ni kwamba katika maisha yake yote Aubrey hakuwahi kusema neno "nimesahau". Halikuwamo kinywani mwake. Miwani haikusahauliwa, ilisogezwa. Siku ya kuzaliwa ya binti yao Rhian haikusahauliwa, ilikuja mapema mwaka huo. Glenys alilichukulia hilo kuwa ukaidi wa kawaida wa wanaume wa kule kwao, na kwa miaka mingi lilikuwa ukaidi tu, halikuwa na kitu kingine nyuma yake.

Kisha ukafika mwezi wa kumi wa mwaka mmoja, Glenys akamwona anageuza nyumba chini juu. Siku ya kwanza hakumuuliza. Siku ya pili Aubrey alisema kuna mtu amekuwa akisogezasogeza vitu. Siku ya tatu alikaa kwenye ngazi, mbele ya lile kabati, mikono kati ya magoti, na Glenys alipompitia na kapu la nguo hakuinua uso. Jioni ile, Glenys akichota shayiri ya supu kwenye kopo, vidole vyake viligusa chuma baridi.

Alisimama pale stoo na ufunguo mkononi, moyo unamwenda mbio kama mwizi. Angeweza kumpelekea. Angeweza kusema, huu hapa, mume wangu, umeutia kwenye shayiri. Lakini aliiona ile sura ya kwenye ngazi, akashindwa. Aliusafisha kwa aproni, akautia kwenye mfuko wa kisibau kikuukuu cha Aubrey kilichoning'inia nyuma ya mlango wa nyuma, kisha akarudi kwenye supu yake. Asubuhi alisikia sauti ya furaha kutoka mlangoni.

"Nilijua tu! Nilijua hauwezi kwenda mbali!"

"Nini hicho?" Glenys aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua kitu.

"Hakuna kitu. Mambo ya wanaume."

Tangu siku ile ukawa ndio mtindo. Aubrey anauficha, Glenys anautafuta, unarudi kwenye kisibau. Aliukuta ndani ya saa ya ukutani, ndani ya buti, ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Alijifunza kusoma mwendo wake kama anavyosoma mawingu kabla ya kuanika nguo. Na kila mwezi Aubrey alizitoa zote kumi na moja, akazipanga juu ya blanketi mezani, akapaka vitako mafuta ya kitani, huku akimsimulia. Hii ya Gwilliam wa Kington, niliitoa kwa mjane wa Huntington, alikuwa anafukuzia kunguru. Hii ya mtutu wa kusokotwa, ona michoro yake, kama mkeka, niliikuta chini ya kitanda cha nguruwe, Glenys, nguruwe! Jina la mkwe wake lilimpotea. Siku ya wiki ilimpotea. Lakini juu ya lile blanketi hakukosea hata herufi. Ndiyo maana Glenys aliendelea na wizi wake wa kurudisha. Aliona kwamba bunduki zile ndizo nguzo ya mwisho iliyoshikilia paa, na akaapa kwamba zikiondoka na mumewe ataondoka, hata kama mwili wake utabaki kwenye kiti unakunywa chai.

Waswahili husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Glenys hakuwa Mswahili, lakini maana yake aliipata Jumapili moja ya mwezi wa pili.

Aubrey alikuwa amerudi kutoka kupiga njiwa kwenye shamba la jirani yao Pritchard, akavua koti lililoroa, akaenda kuoga. Glenys alitoa vilivyomo mifukoni kabla ya kulianika. Risasi nyekundu, nyekundu, nyekundu, kamba, kisu, nyekundu, na moja ya njano. Ile ya njano ilikuwa nyembamba kidogo. Hakujua kama ina maana yoyote. Aliiweka dirishani pamoja na zile nyingine. Denzil Bufton, rafiki wa Aubrey tangu shule, mwenzake wa minada yote, aliingia kurudisha chombo cha keki, akaiona, na chombo kikabaki hewani mkononi mwake.

"Shemeji, hii imetoka wapi?"

"Kwenye koti la rafiki yako."

"Na hizi nyekundu?"

"Mfuko huo huo. Kwani vipi? Umekuwa mweupe kama jibini."

Denzil alivuta kiti bila kukaribishwa. "Nyekundu ni za bunduki ya namba kumi na mbili. Zake zote ni kumi na mbili, isipokuwa ile ndogo aliyomnunulia Rhian. Ile ndogo ni namba ishirini, mtutu mwembamba zaidi, risasi zake ni za njano. Sasa sikiliza. Hii ya njano ukiitia kwenye kumi na mbili, haikai. Inateleza, inaingia ndani ya mtutu, inakwama huko mbele. Ukichungulia nyuma unaona tundu tupu. Unajiambia, ah, sikuweka kitu. Unatia nyekundu nyuma yake. Unafunga. Unapiga." Alifungua vidole vyake vitano polepole. "Hivi havirudi tena, shemeji. Na wakati mwingine ni kichwa."

"Labda aliichukua bahati mbaya."

"Ndiyo maana wakazipaka njano! Ili hata mlevi aone! Na mimi haya nimefundishwa na nani? Aubrey huyu huyu. Siku ile alimfukuza yule kijana wa benki shambani kwa Pritchard, mbele ya watu ishirini, si kwa sababu alikuwa na ya njano mfukoni? Alimwambia mwenye kuzichanganya hizi mbili asishike hata manati."

Maji ya bafu yalisikika yakitoka. Wote wawili walitazama juu.

"Mwambie basi," alisema Glenys.

"Mimi? Mwambie wewe, si mumeo?"

"Si rafiki yako?"

"Nilimshikia pete yenu kanisani, shemeji. Mtu niliyemshikia pete nitamwambiaje kwamba akili yake inavuja?" Denzil alisugua uso. "Yule afisa, Tudge, anakuja lini kukagua?"

"Si Jumanne hii, ile inayofuata."

"Haya. Tudge ana macho."

"Na akizichukua?"

Denzil alisimama. Alichukua kofia yake, na chombo cha keki akaondoka nacho tena bila kujua. Glenys aliitia ile risasi ya njano kwenye mfuko wa aproni, na siku tisa zilizofuata ilikaa humo, ikimgonga paja kila alipoinama. Usiku hakulala vizuri. Alimkasirikia Denzil kwa kusema, akajikasirikia mwenyewe kwa kusikia. Mara mbili alifungua mdomo mezani, mara mbili akaomba apewe chumvi.

Jumanne ile aliamka saa kumi na mbili, akaenda moja kwa moja mlangoni, akapapasa kisibau. Ufunguo upo. Alimshukuru Mungu. Mpango wake ulikuwa rahisi: Tudge ataomba kabati lifunguliwe, Aubrey atakwenda kwenye kisibau, basi, miaka mingine mitano. Habari ya risasi ataitafutia dawa yake mwenyewe. Atazitupa zote za njano kisimani. Atakwenda naye shambani, akae kwenye kiti cha kukunja na kumhesabia risasi kama mwalimu wa chekechea.

Lakini saa tatu, akiwa juu anatandika kitanda, alisikia mlango wa nyuma, kisha mlango wa stoo, kisha kimya cha mtu anayefikiri. Aliposhuka, Aubrey alikuwa anajipangusa mikono kwenye suruali yake nzuri. Unga mweupe wa shayiri ulikuwa umebaki kwenye mshono.

"Umevaa vizuri," Glenys alimwambia, akaupangusa.

"Anakuja mtu wa serikali. Inabidi kila kitu kiwe mahali salama."

Tudge alifika saa nne kamili. Alikuwa polisi mstaafu wa miaka hamsini na kidogo, mpole, mwenye tumbo la keki za nyumba za watu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi mezani na faili lake, akauliza kama hii ndiyo ile keki ya matunda ya mwaka ule.

"Ile ile," alisema Aubrey. "Hajabadilisha hata zabibu moja. Hofu yake ni kwamba nikionja kitu kipya nitatoroka."

"Unalala vizuri, mzee?"

"Huyu akinyamaza, ndiyo."

"Pombe?"

"Tufaa tu. Lililokaa pipani likachacha."

Tudge alicheka, akaandika. Glenys alimimina chai bila kumwaga hata tone, akajisifu kimoyomoyo. Kisha Tudge akafungua orodha ya bunduki na namba zake, akaanza kusoma, na Aubrey akainua mkono kumsimamisha. Akazitaja mwenyewe. Zote kumi na moja, kwa mpangilio wa kabati kutoka kushoto, na namba zake, na jina la muuza misumari, na mnada, na aliyekuwa nayo kabla, na kilichokuwa kimeharibika na jinsi alivyokitengeneza. Alisimama kusimulia ile ya nguruwe. Mashavu yalimwiva. Tudge aliweka kalamu chini akasikiliza, na alipomaliza alifuatisha orodha kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hujakosa hata moja. Mimi namba ya simu yangu mwenyewe siijui. Haya, mzee, tuzione hizo bibi zako, nikuachie."

Aubrey alisimama, akaenda kwenye kisibau. Alitia mkono mfuko wa kulia, akatia wa kushoto, akarudi wa kulia. Alikitoa kwenye msumari, akakikung'uta.

"Kuna mtu amesogeza," alisema.

"Hakuna haraka," alisema Tudge.

Alitazama kwenye buti. Alifungua saa ya ukutani. Alifungua droo ya visu, ambayo hajawahi kuuficha humo hata siku moja, akasimama anaitazama kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani. Dakika zilipita. Tudge alikuwa anakitazama kipande chake cha keki kwa umakini wa mtu asiyetaka kutazama kitu kingine. Glenys hakuweza kustahimili. Alisema anakwenda kutazama maziwa, akaingia stoo, akaweka kiganja juu ya kopo la shayiri.

Ilikuwa rahisi mno. Angelileta mezani, angelimimina kwenye sufuria ya supu mbele yao, ufunguo ungedondoka, naye angeshangaa, lo, Aubrey, mjanja wewe, kumbe ndiko unakoficha! Wangecheka wote watatu. Miaka mitano. Aliliinua kopo. Na alipoliinua aliegemea rafu, na kile kitu cha mfukoni kikamgonga paja.

Aliviona vidole vya Denzil vikifunguka. Alimwona Aubrey kwenye ua wa shamba la Pritchard, anachungulia tundu tupu, anajiambia hakuweka kitu.

Alilirudisha kopo mahali pake, akatoka mikono mitupu.

Aubrey alikuwa amesimama katikati ya jikoni. Alimgeukia, na uso wake haukuwa tena na hofu. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba gunia akaona mahali pa kulitua.

"Glenys," alisema. "Leo umeuweka wapi?"

Mtama ukamwagika mbele ya kuku. Glenys alimtazama mumewe, na ndipo alipoelewa kwamba Aubrey alijua. Kwa miaka miwili, kila alipopaza sauti ya furaha pale mlangoni, alijua ni mkono wa nani ulioutia ufunguo ule kwenye kisibau. Alikuwa akifurahi kwa ajili yake yeye.

Tudge aliifunga kalamu yake. Alizungumza polepole, akitazama meza.

"Mama, wazee wana utani wao. Mimi nimesikia utani. Sasa nitakuuliza swali moja, mara moja tu, na jibu utakalonipa ndilo nitakaloandika. Wewe unajua ufunguo wa kabati hili ulipo?"

Alikuwa amemfungulia mlango, maskini, kadiri kazi yake ilivyomruhusu. Neno moja tu lilitakiwa, nalo alikuwa amelisema kwa fahari miaka arobaini na saba. Glenys alitia mkono kwenye mfuko wa aproni.

"Najua," alisema. "Umo kwenye kopo la shayiri. Na kuna hiki."

Akaitoa risasi ya njano, akaiweka mezani kando ya keki.

Aubrey alisogea. Aliiokota, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyozoea kutazama vitu vya mnadani.

"Hii ya nani?"

"Ilikuwa kwenye koti lako. Jumapili ya kabla ya hii iliyopita, ulipotoka kwa Pritchard."

"Na nyekundu?"

"Pamoja na nyekundu."

"Mfuko mmoja?"

"Mfuko mmoja, mume wangu."

Glenys alitaka kumshika mkono, akaogopa. Aubrey aliirudisha ile risasi mezani, akaisimamisha wima, vizuri, isianguke. Kisha akamgeukia Tudge, na sauti ilikuwa ile ile aliyomtolea yule kijana wa benki mbele ya watu ishirini.

"Mwenye hii na nyekundu mfuko mmoja hashiki bunduki. Hashiki hata manati. Andika hivyo."

"Mzee, hatuna haja ya kuamua leo..."

"Andika, kijana. Nilimfukuza mtu kwa kosa hili. Nitamtazamaje?"

Tudge aliandika. Iliwachukua muda, maana fomu za nchi ile hazina huruma hata mtu akiwa analia, na Glenys alikuwa analia. Alipomaliza, alivaa viatu vyake mlangoni, akamvuta Glenys kando kidogo.

"Nimeandika kwamba mzee amerudisha cheti kwa hiari yake. Atafute mwenye cheti wa kuzichukua, wiki hii. Na hayo ya kopo la shayiri, mama, mimi nilikuwa nakula keki, sikuyasikia."

Aliyezichukua ni Denzil, nani mwingine. Alikuja Alhamisi na gari lake na mablanketi, tayari amewekwa sawa na Tudge kwenye karatasi, akajaribu kufanya mzaha pale mlangoni, kwamba hajawahi kuoa kumi na moja kwa siku moja na mkewe atampiga. Hakuna aliyecheka, hata yeye. Aubrey alizitoa mwenyewe, moja moja. Kila moja aliichomoa mitutu, akaining'iniza kwenye kidole, akaigonga, akainamisha sikio mpaka sauti ikaisha kabisa, ndipo akampa Denzil. Nyumba nzima ililia kengele asubuhi ile. Glenys, aliyewasema wake wenza wale karibu miaka hamsini, aliyewatakia kutu na moto na wezi, alijifungia stoo na kuwalilia kama ndugu.

"Ile ya Gwilliam," Aubrey alimwambia Denzil garini, "kinyundo cha kushoto kina springi dhaifu. Usikivute kwa hasira."

"Sitakivuta kabisa."

"Kivute. Ukizitundika ukutani nitakuja kukuua."

"Kwa bunduki gani?" Denzil aliuliza, na hapo wote wawili walicheka, wakicheka vibaya, wameshikana mabega.

Jumatatu iliyofuata Glenys alirudi kutoka dukani akamkuta Aubrey mbele ya kabati. Milango ilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na nafasi kumi na moja za sponji, zimebonyea kila moja kwa umbo lake, na harufu ya mafuta ya kitani. Alikuwa anatazama tu. Glenys aliweka kapu chini. Aliogopa kwamba atauliza zimekwenda wapi, akaanza kutafuta maneno ya kumjibu.

Hakuuliza. Alifunga milango, akazungusha ufunguo, akajaribu kishikio mara mbili kama ilivyokuwa desturi yake, ingawa ndani hapakuwa na cha kuibwa. Kisha akasimama na ufunguo mkononi, macho yakaenda kwenye saa ya ukutani, yakaenda kwenye buti, yakaenda kwenye mlango wa stoo. Glenys akageuza uso pembeni, kwa mazoea, asione atauficha wapi.

Alisikia hatua zake zikija. Aubrey aliushika mkono wake, akakifungua kiganja, akauweka ufunguo ndani, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Kaa nao wewe," alisema Aubrey. "Mimi nitasahau."